‘Mkaze kweli kweli, kocha’: Baba aliyejifunza kuuliza cheti akiwa wodini

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu, mama mmoja mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, alisikia mlango wa choo ukifunguliwa, kisha kimya kirefu. Alipotoka kutazama alimkuta mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 17 aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne wiki chache nyuma, ameegemea ukuta kwa mikono miwili. Mapaja yalikuwa yamevimba na magoti hayakunji.

“Mama, njoo uone,” alisema kwa aibu, akionyesha chooni kwa kidevu.

Mkojo ulikuwa mweusi, rangi ya Coca-Cola.

Mama alirudi chumbani mbio. “Baba Mapacha, amka. Mtoto anakojoa damu.”

Baba aliketi kitandani, akatafuta kandambili kwa miguu. Jambo la kwanza lililomjia kichwani, kama alivyokuja kukiri baadaye, halikuwa hofu. Ilikuwa ni hasira. Siku mbili tu za mazoezi, na tayari visingizio vimeanza.

“Hapa halii mtu”

Mambo yalianzia kwenye sherehe ya mahafali. Kijana alikuwa ameongezeka mwili kwa mwaka mzima wa kukaa na vitabu, na baada ya mtihani akahamia kwenye kochi na simu. Alikuwa na kilo 96. Siku ile ya pilau na picha, wajomba na binamu walimwita “bonge” mbele ya watu, naye akacheka nao. Baba hakucheka. Usiku alimwambia mkewe kwamba mtoto amelegea, na mtoto akilegea sasa hatakazika tena.

Huyu baba ana hadithi moja ambayo watoto wake wote wanaijua kwa moyo. Ni hadithi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Alikwenda kwa mujibu wa sheria, miongoni mwa vijana wa mwisho kabla utaratibu ule haujasitishwa mwaka 1994. Katika hadithi hiyo kuna mchakamchaka wa kabla ya jua, kuna kuruka kichura kuzunguka uwanja, kuna afande asiyejua kucheka. Na kila mara inaishia palepale: “Ndiyo maana mnaniona hivi nilivyo.”

Njiani kurudi kutoka kazini alikuwa akipita kila siku mbele ya jimu moja ya mtaani, uwanja uliozungushiwa mabati, wenye vyuma vya kunyanyua, matairi ya lori na spika kubwa. Mwalimu wa pale alikuwa kijana aliyejengeka hasa, kifua kama mlango. Sauti yake ilisikika hadi barabarani. “Hapa halii mtu!”

Baba alilipa shilingi 40,000 za mwezi mmoja. Hakuuliza jambo lolote. Aliona misuli ya yule mwalimu, akaona inatosha kuwa cheti. Akampa mkono na kumwambia maneno ambayo yangemrudia baadaye wodini: “Huyu ni mwanangu. Mkaze kweli kweli, kocha. Usimwonee huruma.”

Mama aliposikia alisema mtoto aanze polepole. Baba akamjibu kwa methali ambayo kila mzazi wa Kiswahili amewahi kuitumia au kutumiwa: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Siku ya kwanza, Alhamisi, ilipita. Kijana alirudi hoi, akala, akalala. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku kubwa. Baba alimpeleka kwa gari, wakasimama kituo cha mafuta, foleni ikawa ndefu. Walifika wamechelewa dakika kumi na tano. Adhabu ya kuchelewa pale ilikuwa kuruka kichura. Mwalimu hakuuliza ni nani aliyesababisha. Kijana alipewa mizunguko ya kichura kwanza, kisha akaungana na wenzake kwenye kuchuchumaa na kusimama, seti baada ya seti, chuma begani. Alivalishwa na koti la nailoni ili “mafuta yatoke”. Maji yalikuwa ni ya mwisho wa mazoezi, kwa sababu anayekunywa katikati ni mlegevu.

Ilikuwa Desemba. Jua la Dar es Salaam la Desemba halihitaji kuelezewa.

Baba alibaki garini kwa nusu saa nzima, kioo kimeshushwa, akitazama kupitia upenyo wa mabati. Alipoona mwanawe anatetemeka miguu na bado anainuka, alijisikia fahari ambayo hakuwa ameihisi siku nyingi. Alipiga picha, akaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Wajomba waliweka vidole gumba.

Siri ya rangi ya mkojo

Jumapili kijana hakuweza kushuka ngazi za kanisani. Baba alimnunulia diklofenaki duka la dawa, vidonge vya maumivu, akamwambia hiyo ni kawaida, misuli inajengeka. Alikuwa sahihi nusu. Mtu akianza zoezi jipya, misuli huuma siku moja hadi tatu baadaye, kisha maumivu huisha yenyewe. Lakini hayo ni maumivu yanayomruhusu mtu kukunja goti. Haya hayakuwa hayo.

Zahanati ya jirani, Jumatatu asubuhi, walifikiria kichocho. Si ajabu, kwa kuwa kijana alikuwa amewahi kukaa likizo kwa bibi yake kando ya Ziwa Victoria. Wakafikiria pia maambukizi ya njia ya mkojo. Kipimo cha karatasi kilionyesha damu. Lakini mtaalamu wa maabara alipotazama kwenye darubini, hakuona chembe nyekundu za damu wala mayai ya kichocho. Damu ipo, na damu haipo. Mganga wa zamu, mama wa makamo, aliitazama tena karatasi, akayatazama mapaja ya kijana, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: “Mwanangu, juzi ulifanya kazi gani?”

Kijana akaeleza. Kichura, kuchuchumaa, nailoni, maji mwisho. Yule mama hakumaliza kusikiliza. Aliandika rufaa, akawaambia waende hospitali kubwa sasa hivi, si kesho.

Hospitali waliipa hali ile jina gumu: rabdomiolisisi. Daktari aliieleza kwa lugha ya kawaida, akimtazama baba. Misuli ikifanyishwa kazi kupita uwezo wake, hasa kwa mtu ambaye hakuizoea kazi hiyo, nyuzi zake hupasuka kwa wingi. Vilivyomo ndani humwagika kwenye damu. Kimojawapo ni protini iitwayo mayoglobini, ambayo ndiyo inayoupa mkojo rangi ile na kukidanganya kipimo cha karatasi kionyeshe damu. Figo hulazimika kuichuja, na ikizidi huweza kuziziba na kuziumiza. Madini ya potasiamu nayo hutoka kwenye misuli, na yakizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Joto kali na kukosa maji huharakisha yote hayo.

“Na dawa ya maumivu mlimpa?” aliuliza daktari. Baba akataja diklofenaki. Daktari akatikisa kichwa taratibu. Dawa za kundi hilo hupunguza damu inayofika kwenye figo, akasema, na figo zilizo katika hali hii ndizo hasa zisizostahili kupewa.

Kuna kimeng’enya kinachopimwa kwenye damu ili kujua misuli imeumia kiasi gani, kreatini kinase. Kwa mtu wa kawaida huwa mia moja na kitu, pengine mia mbili au zaidi kidogo. Cha kijana kilisoma zaidi ya 60,000.

Alilazwa, akawekewa dripu mkono wa kushoto, na kazi ya kupima mkojo akakabidhiwa mama. Kila mara kijana alipojisaidia kwenye chupa, mama aliinua chupa dirishani na kuandika kiasi kwenye daftari la mapacha la hisabati, kwa sababu ndilo alilokuta mkobani. Jumatatu usiku bado ilikuwa Coca-Cola. Jumatano ikawa chai ya rangi iliyokolea. Ijumaa ikawa chai ya rangi ya mgonjwa, ile ya maji mengi. Hakuna wiki ambayo mama yule aliwahi kuomba kwa ajili ya rangi.

Maswali ambayo baba hakuyauliza

Shemeji yake baba, mdogo wake mama, ni mwalimu wa michezo wa sekondari, aliyesomea kazi hiyo katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza. Alifika wodini jioni ya Jumanne na ndizi mbivu. Kijana akamwambia “shikamoo mjomba” kwa sauti ndogo. Mjomba hakulaumu mtu. Alisubiri mgonjwa asinzie, ndipo akamwambia baba kwamba jambo hili halikuanzia Tabata.

Alimsimulia habari ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Januari 2011, wachezaji wa mpira wa Kimarekani walirudi kutoka likizo ya wiki tatu, wakapewa zoezi la kuchuchumaa na chuma begani mara 100, uzito ukiwa nusu ya ule wa juu kabisa ambao kila mmoja angeweza kuunyanyua, huku wakipimwa kwa saa. Ndani ya siku chache wachezaji 13 walilazwa hospitali kwa ugonjwa huu huu. Wale walikuwa vijana wenye nguvu, wanamichezo wa kuchaguliwa. Walipona. Mwaka 2018, katika Chuo Kikuu cha Maryland, mchezaji wa miaka 19, Jordan McNair, alizidiwa na joto wakati wa mazoezi ya mbio mwezi Mei, hakupozwa kwa maji ya baridi kama inavyotakiwa, na Juni akafariki. Uongozi wa chuo ulikiri hadharani kwamba unabeba wajibu.

“Shemeji,” alisema yule mwalimu, “huko wana madaktari pembeni ya uwanja. Sisi huku tuna spika.”

Baba aliuliza kwa unyonge, sasa mtu atajuaje mwalimu wa kweli?

Shemeji akamkumbusha mpira wa miguu. Kocha wa mpira barani Afrika ana leseni za CAF zilizopangwa kwa ngazi, kuanzia D na kupanda hadi A na zaidi, na kila klabu kubwa huulizwa kocha wake ana ngazi gani. Lakini mwalimu anayemshika mtoto wa mtu mmoja mmoja, anayemwekea chuma begani, mara nyingi haulizwi kitu. Hata Marekani hakuna leseni ya serikali ya taifa kwa walimu wa mazoezi kama iliyopo kwa madaktari au wauguzi wa majimbo. Kinachomtofautisha mmoja na mwingine ni cheti cha taasisi inayoheshimika. Vipo vyeti ambavyo mtu haruhusiwi hata kufanya mtihani wake bila shahada ya chuo kikuu na mafunzo ya kumfufua aliyesimama moyo. Vipo pia vyeti vya siku mbili, na vya saa chache kwenye simu. Karatasi zote mbili zina muhuri.

Leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani, aliongeza, inaonyesha kwamba mwenye jimu amesajili biashara. Haisemi kama mwalimu anajua figo ziko wapi.

Usiku ule baba hakulala. Alihesabu watu aliowahi kuwachunguza kabla ya kuwakabidhi mali yake. Fundi wa kuchomelea geti alimtaka amwonyeshe nyumba tatu alizokwishafanyia kazi. Dereva wa gari la shule la mapacha alimwomba leseni, akaipiga picha. Dada wa kazi alitakiwa kuleta barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Lakini mtu aliyemkabidhi mwili wa mwanawe hakumuuliza hata alisoma wapi.

Kocha aja wodini

Siku ya nne mwalimu wa jimu alikuja mwenyewe, bila kuitwa, amevaa shati la mikono mirefu ambalo lilimbana mabegani. Alileta maji ya matunda na katoni ya maji. “Shikamoo mzee, shikamoo mama,” alisema, na akabaki amesimama.

Baba alikuwa amejiandaa kwa hotuba. Aliianza kwa swali: “Kijana, hii kazi umeisomea wapi?”

Mwalimu alitoa simu, akaonyesha picha ya cheti cha semina ya siku mbili. Kabla ya hapo alikuwa kondakta wa daladala aliyependa kunyanyua vyuma. Alishindana, akashinda mara moja, watu wakaanza kumwomba awafundishe. “Mzee, nisikudanganye. Na mimi nilifundishwa hivi hivi. Nilitapika, nikarudi. Sijawahi kuambiwa kuna kitu kama hiki.”

Kisha akasema, kwa upole ambao ulimchoma baba kuliko ukali: “Na wewe mzee ndiye uliyeniambia nimkaze, nisimwonee huruma. Kila nilipotaka kumpunguzia, nilikuwa naliona gari lako pale nje.”

Mama aliinuka akaenda kufungua dirisha ambalo tayari lilikuwa wazi.

Ndipo kijana, aliyedhaniwa amelala, aliposema bila kufumbua macho: “Hata mimi nililiona, baba. Seti ya pili miguu ilishaisha. Nikasema nikikaa chini, baba ataondoka.”

Baba yule hakujibu. Alitoka hadi kwenye benchi la nje, karibu na wanaosubiri dawa, na pale ile methali yake ilimtimia kwa namna ambayo hakuitegemea. Hakumchelea mwana kulia. Na bado aliyelia ni yeye.

Aliporudi aliketi ukingoni mwa kitanda, akamsimulia mwanawe hadithi ya jeshini. Safari hii aliisimulia yote. Alieleza kwamba wiki ya pili, yeye mwenyewe alianguka kwenye mbio. Mwenzake alimbeba begani. Alipozinduka, afande yule yule asiyejua kucheka alikuwa ameinama juu yake na kikombe cha maji. Akampa ED ya siku tatu, siku tatu za kivulini bila kazi, na hakumwita mlegevu. Kwa zaidi ya miaka thelathini baba alikuwa akiisimulia hadithi ile, na kila mara aliiruka sehemu hiyo.

Jambo lililokuwa kwenye damu

Kabla ya kuruhusiwa, daktari aliomba kipimo kimoja zaidi, cha selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, lakini wapo wengi zaidi ambao si wagonjwa. Wanabeba kinasaba kimoja tu, wanaishi bila dalili, na wengi hawajui. Majibu yalionyesha kijana ni mmoja wao. Wazazi walipopimwa, kinasaba kilikutwa kwa baba.

Daktari alifafanua kwa uangalifu. Kubeba kinasaba hakumkatazi mtu michezo, na wanamichezo wengi wakubwa wanacho. Lakini katika mazoezi ya kupita kiasi, kwenye joto na bila maji, wenye kinasaba hicho wako katika hatari kubwa zaidi ya misuli yao kuharibika namna hii. Utafiti uliofanyika kwa wanajeshi weusi zaidi ya 47,000 wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha hivyo, ingawa haukuonyesha kwamba wanakufa zaidi ya wenzao. Vyuo vikuu vya ngazi ya juu kimichezo nchini humo vilianza kutaka wachezaji wapimwe tangu mwaka 2010, baada ya kijana wa miaka 19 kufariki kufuatia mazoezi ya mbio mwaka 2006. Kinachotakiwa ni kuanza chini, kupanda taratibu, kupumzika katikati na kunywa maji bila kuomba ruhusa.

Mama alimtazama mumewe. Hakuna daktari anayeweza kusema leo ni nini kilichomwangusha kijana wa jeshini miaka ile. Wala yeye hakuuliza.

Ugumu na adhabu

Mtu angedhani familia hii sasa inaogopa mazoezi. Haiogopi. Shemeji mwalimu alikuwa mkali kwenye hilo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na mazoezi ya nguvu, ya kumfanya atweta, na ya kuimarisha misuli na mifupa. Mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hata kunyanyua vyuma si haramu kwa kijana. Kwa uzito unaomfaa na chini ya jicho la anayejua, humsaidia.

Ugumu una faida, alisema, ila faida hiyo haiji wakati wa kuteseka. Huja wakati wa kupumzika baada ya kazi iliyozidi kidogo ile ya juzi. Mwili hupokea kazi, huulizwa zaidi kidogo, hulala, hula, huamka na nguvu mpya. Ukiulizwa mara kumi zaidi kwa siku moja, hauna cha kujibu. Jasho la kwenye nailoni nalo ni maji, si mafuta. Mizani ikishuka saa ile, itapanda tena mtu akinywa jagi moja.

Tena kichura kina historia yake kwetu. Wengi tulirushwa kichura shuleni kwa kuchelewa namba, kwa kukosa ufagio, kwa kuongea Kiswahili siku ya Kiingereza. Mchakamchaka, kwa upande mwingine, watu wengi wazima wanaukumbuka kwa furaha, kwa sababu ulikuwa na nyimbo, ulikuwa wa wote, na mtu alikimbia akiweza kuimba. Mtoto anayefundishwa kwamba zoezi ni adhabu atalikimbia siku atakayokuwa huru. Anayefundishwa kwamba ni sehemu ya siku yake atakuwa nalo hadi uzeeni.

Kwa mzazi anayemtafutia mwanawe mwalimu, shemeji alitoa maswali machache ya kuuliza kabla ya kulipa. Amesomea wapi, kwa muda gani, na taasisi hiyo inaweza kupigiwa simu? Anajua huduma ya kwanza na kukandamiza kifua cha aliyesimama moyo? Siku ya kwanza, je, anauliza habari za pumu, moyo, selimundu, dawa na maumivu, au anaanza kuhesabu tu? Mtoto mgeni anapewa kazi sawa na aliyezoea? Maji yapo wapi, na nani anaruhusiwa kuyanywa? Mtoto akisema basi, nini hufuata?

Na kwa nyumbani, dalili ni chache za kukumbuka: mkojo wa rangi ya Coca-Cola au chai nyeusi baada ya mazoezi, misuli iliyovimba na kukakamaa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, udhaifu usio wa kawaida. Hiyo ni hospitali ya siku hiyo hiyo. Si ya kukanda kwa maji ya moto, wala ya vidonge vya duka la dawa.

Asubuhi ya Segerea

Kijana aliruhusiwa siku ya saba. Figo zake zimerudi sawa, ingawa alipewa tarehe za kurudi kupima na akaambiwa akae bila mazoezi mazito kwa wiki kadhaa. Ile jimu ya mabati bado ipo. Anayepita sasa anaona ndoo ya maji yenye koki mlangoni, na kijidaftari ambacho mgeni huandika humo magonjwa aliyonayo. Mwalimu alimpigia simu shemeji mara mbili kuulizia namna ya kujiunga na mafunzo marefu. Ada na muda wa kuacha kazi bado vinamtatiza.

Februari, baba na mwana walianza kutembea alfajiri, kutoka Tabata kuelekea Segerea, kabla jua halijawa kali. Wiki mbili za kwanza walitembea tu. Ya tatu wakaanza kukimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine, kisha kutembea nguzo mbili. Kipimo chao ni maongezi: mmoja akishindwa kumaliza sentensi, wote wanapunguza mwendo.

Asubuhi moja walikuwa wamefika karibu na mwisho wa nguzo ya nne. Kijana alipunguza mwendo, akaweka mikono kiunoni.

“Baba, leo mimi basi.”

Baba alikuwa bado na pumzi. Nguzo ya tano ilikuwa pale, hatua arobaini hivi. Aliitazama. Kisha akasimama, akafungua chupa ya maji, akampa mwanawe anywe kwanza.